Polisi Chini ya Jicho la Korti: Habari za Mji wa Oakland

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi siku ya masomo. Yamepigwa chapa kwa maombi ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Kamati ya masomo ilitupa sisi watu wa karakana kazi ya kuwaletea habari moja ya nchi ya mbali, nasi tumechagua habari ya polisi wa mji wa Oakland, katika jimbo la California, huko Marekani. Wengine walicheka waliposikia. Walisema, "Habari za mishahara zimekwisha hata mkatuletea habari za polisi?" Twawajibu hivi. Mfanya kazi hukutana na polisi mahali pengi. Hukutana naye usiku atokapo zamu, hukutana naye langoni siku ya mgomo, na akivunjiwa nyumba humwendea huyo huyo. Basi swali la nani amwangalie polisi si la mawakili peke yao.

Tena mji wenyewe ni mji wa reli. Mwaka 1869 ilipokwisha kujengwa reli ya kwanza iliyokata bara lote la Marekani, treni zake zilifika hata Oakland, penye maji. Upande wa magharibi wa mji, karibu na stesheni na karakana, walikaa watu weusi wengi waliofanya kazi katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, walipiga rangi viatu vya abiria usiku kucha. Abiria wengi hawakujisumbua kuwauliza majina. Waliwaita wote "George", kwa jina la Bwana George Pullman mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa zamani kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 watu hao wakafanya chama chao chini ya A. Philip Randolph, na huko Oakland kiongozi wao alikuwa C. L. Dellums. Kampuni iliwakatalia miaka kumi na miwili. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1937. Liwekeni moyoni jambo hili la kuitwa "George", maana tutalirudia.

Kuna na habari ya mwaka 1946. Makarani wa maduka mawili makubwa ya Oakland, wengi wao wanawake, walikuwa katika mgomo. Alfajiri ya siku ya kwanza ya Desemba polisi walifunga njia za mjini na kuyasindikiza malori ya wavunja mgomo mpaka milangoni mwa maduka yale. Madereva wa tramu na mabasi walipoona hivyo walisimamisha magari yao, wakashuka. Siku mbili baadaye mji mzima ukagoma, watu kama 100,000, kwa muda wa saa 54. Ndugu zetu wale hawakuwa na ugomvi na polisi kwa mambo ya nyumbani kwao. Waliona tu kwamba polisi wamekuwa askari wa matajiri, wakasema basi hatuendeshi.

Hatusemi hayo ili kuwachongea polisi. Twasema ili mfahamu kwamba mji ule ulikuwa na deni la zamani kati ya polisi na watu wake, na hasa watu weusi. Hata chama cha Black Panther kilianzishwa Oakland mwaka 1966, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafuata polisi barabarani na kuwatazama wanavyowakamata watu, mkono mmoja wameshika kitabu cha sheria na mkono wa pili bunduki. Hiyo ilikuwa njia moja ya kuwaangalia polisi. Sasa tutawaeleza njia nyingine, isiyo na bunduki, nayo ni ya taratibu mno, hata wengine wamezeeka wakiingoja.

Mwaka 2000 palikuwa na askari wanne wa zamu ya usiku huko Oakland Magharibi waliojulikana kwa jina la Riders, yaani wapanda farasi. Mwaka ule kijana mmoja aliyetoka chuo cha polisi alipelekwa kufundishwa kazi pamoja nao. Alikaa muda wa wiki mbili hivi. Kisha akaenda kwa wakubwa akasema aliyoyaona: watu wanapigwa bila sababu, wanatiliwa dawa za kulevya ambazo si zao, na ripoti zinaandikwa za uwongo ili zilingane. Yule kijana akaacha kazi Oakland, akaenda kuwa askari katika mji mwingine. Hebu fikirini uzito wa jambo hilo. Mtu mpya, bado yu katika majaribio, anawashtaki wale wale ambao kalamu yao ndiyo itakayosema amefaulu au ameshindwa. Kila mmoja wetu aliyewahi kuwa mwanagenzi chini ya fundi anajua.

Wale wanne walifukuzwa kazi. Mmoja alitoroka, hakuonekana tena. Watatu walipelekwa korti ya jinai, na kesi yao ilisikizwa mara mbili mbele ya raia kumi na wawili, wale ambao katika Marekani ndio waamuao kama mtu ana hatia. Mara zote mbili hakuna aliyetiwa hatiani. Kwa mashtaka mengine waliachiliwa, na kwa mengine wale kumi na wawili hawakupatana.

Kama habari ingekwisha hapo, tungesema basi, mwenye nguvu mpishe. Lakini palikuwa na kesi ya pili, ya madai. Mawakili wawili, John Burris na James Chanin, waliwakusanya watu 119 waliosema wamedhulumiwa na askari hao, karibu wote watu weusi, wakaushtaki mji wa Oakland wenyewe katika korti ya serikali kuu. Kesi huitwa kwa jina la Delphine Allen, aliyekuwa wa kwanza katika orodha. Waliutumia mwanya wa sheria iliyopitishwa mwaka 1871, baada ya vita vya kukomesha utumwa, inayompa raia ruhusa kuwashtaki watumishi wa serikali wanaomvunjia haki zake. Sheria ya zaidi ya miaka mia, lakini bado ina meno. Mji ukakubali kulipa dola milioni 10.9.

Mawakili wale wangeweza kuchukua fedha na kwenda zao, na wateja wao wangewashukuru. Lakini walitaka na mkataba. Walisema fedha itawatibu watu 119, na yule wa 120 je? Basi mwezi wa Januari 2003 mji ulitia sahihi mkataba wenye vifungu 52 vya kazi za kufanywa, nao ukawekwa mbele ya Jaji Thelton Henderson. Jaji huyu ni mtu mweusi, na mwaka 1962 ndiye aliyekuwa wakili mweusi wa kwanza katika idara ya haki za raia ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Mkataba ulifanana na ile tunayotiliana sahihi na tajiri, ila tofauti moja kubwa: kwa kuwa umekuwa amri ya korti, anayeuvunja hagombani na chama, anagombana na jaji.

Sasa, vifungu vyenyewe vilisema nini? Hatutavisoma vyote, maana mtalala. Tutavitazama kama watu wa reli.

Gari likitoka njiani, sisi hatumwulizi dereva peke yake. Tunauliza kitabu cha saa kinasemaje. Tunauliza signali ilikuwaje, gadi alikuwa wapi, nani aliyekagua njia asubuhi, na nani aliyekuwa juu ya huyo mkaguzi. Dereva aweza kuwa na kosa, lakini kosa la dereva lililorudiwa usiku baada ya usiku bila mtu kuliona ni kosa la stesheni nzima. Ndivyo walivyofanya wale mawakili. Hawakuandika kifungu kisemacho askari wawe watu wema. Waliandika nani atamtazama nani, kwa karatasi gani, na kwa siku ngapi.

Kwa mfano, sajini mmoja asiwe na askari zaidi ya wanane chini yake, tena wawe wale wale kila siku, ili awajue. Askari akitumia nguvu, kupiga au kupulizia dawa ya macho au kupiga bunduki, lazima iandikwe, na mkubwa wake aende kuangalia. Raia mwenye malalamiko aweza kuyaleta kwa barua au kwa simu, hata bila kutaja jina, na askari asimfukuze wala asimwambie njoo kesho. Uchunguzi wa malalamiko uwe na siku zake. Askari anayemwona mwenzake akitenda ubaya na kunyamaza, naye ana kosa. Adhabu ziwe za kulingana, kosa moja lisimpe huyu onyo na yule kufukuzwa kwa sababu ya urafiki. Na kila mtu anayesimamishwa njiani, iandikwe karatasi: saa ngapi, wapi, kwa sababu gani, ni mtu wa rangi gani, alipekuliwa au hapana, kilipatikana nini.

Juu ya hayo yote waliwekwa wakaguzi wasio wa polisi, waende wafungue majalada, wahesabu, waandike ripoti kwa jaji, na ripoti zile raia yeyote aweza kuzisoma. Huo ndio moyo wa mpango wote. Jaji mwenyewe haji mtaani usiku. Anasoma.

Walipanga kazi hii imalizike kwa miaka mitano. Ndugu zetu, ilipofika 2008 ilikuwa haijaisha. Wakaongeza muda, wakaongeza tena. Mwaka 2010 akaja mkaguzi mpya, Robert Warshaw, aliyekuwa zamani mkuu wa polisi wa mji wa Rochester. Vifungu vilivyo vyepesi, vya kuandika kanuni na kufundisha darasani, vilitimizwa. Vile vya kumwadhibu mwenzako, na vile vya kusema kweli juu ya rangi ya mtu unayemsimamisha, vilikaa kama reli yenye kutu, havigeuki.

Oktoba 25, mwaka 2011, likaja jaribio. Watu waliokuwa wakipinga udhalimu wa mabenki walikuwa wamepiga kambi mbele ya jumba la mji. Polisi wakaenda kuwatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi za mifuko. Mtu mmoja, askari wa zamani wa vita vya Iraq, alipigwa kichwani na fupa la kichwa likavunjika. Baadaye mji ulimlipa dola milioni 4.5. Na wiki ile ile iliyofuata, tarehe 2 Novemba, maelfu ya watu waliandamana mpaka bandarini na kazi ya bandari ikasimama. Karatasi zote za mkataba zilisema jinsi ya kutawanya watu, na siku yenyewe ilipofika karatasi zilibaki ofisini.

Mawakili wakarudi kortini mwaka 2012 na ombi zito. Walimwambia jaji: wanyang'anye mji polisi wao, uwaweke mikononi mwa mfilisi, kama lifanywavyo duka lililofilisika. Mji ukaogopa. Desemba ile wakapatana njia ya kati: awekwe mkurugenzi wa korti, mwenye uwezo wa kuamuru polisi wanunue nini na wabadili nini, na kwa idhini ya jaji hata kumwondoa mkuu wao. Wa kwanza alikuwa Thomas Frazier, aliyeanza 2013. Mwaka uliofuata jaji alimwondoa, na kazi yake akampa Warshaw, mkaguzi yule yule.

Hapa sisi tuna neno. Kumfanya mtu mmoja kuwa mkaguzi na kuwa mwenye kuamuru hakutupendezi. Mkaguzi wa njia akiwa ndiye pia msimamizi wa genge, nani atasema njia ni mbovu kwa sababu ya msimamizi? Watu wa Oakland wengi walisema hayo hayo kwa miaka, tena waliongeza kwamba mkaguzi hulipwa kwa muda anaokagua, basi ana haraka gani ya kumaliza? Hatuwezi kuusoma moyo wa mtu, lakini swali ni la haki, na kuliuliza si kuwa adui wa mkataba.

Sasa twaja mahali ambapo sisi wa vyama hatuwezi kupita haraka. Polisi wa Oakland nao wana chama chao. Askari akifukuzwa, chama kinayo haki ya kuipeleka kesi kwa mwamuzi wa nje, sawa na haki tunayoidai sisi, nayo imeandikwa katika mkataba wao wa kazi. Katika ghasia zile za 2011, watu walipomkimbilia yule aliyeumizwa ili wamsaidie, askari mmoja aliwatupia bomu katikati yao. Mji ulimfukuza. Mwaka 2014 mwamuzi akaamuru arudishwe kazini. Na huyo hakuwa wa kwanza kurudishwa.

Mjini pakawa na kelele. Wengine walisema, iondoeni haki hiyo ya mwamuzi, chama cha polisi kinawaficha wahalifu. Jaji Henderson hakusema hivyo. Alisema kwanza tuchunguze kwa nini mji unashindwa mbele ya waamuzi. Akamweka wakili mmoja, Edward Swanson, aifanye kazi hiyo, na ripoti yake ikatoka mwaka 2015. Aliona nini? Aliona kwamba mji ulikwenda kwa mwamuzi bila kujitayarisha. Uchunguzi wa polisi ulikuwa na matundu. Ofisi ya mawakili wa mji ilikaa na jalada muda mrefu, kisha ikampa wakili wa kukodi siku zimekaribia kwisha. Mashahidi hawakutayarishwa. Upande wa pili, wakili wa chama alikuwa ameisoma kesi tangu siku ya kwanza. Basi nani atashinda?

Ndugu, hili tuliliongea sana karakanani, saa ya chai mpaka kengele ikatupita. Palikuwa na wenzetu waliosema chama chochote kisichoweza kumwambia mwanachama wake "wewe umekosa" ni genge tu. Palikuwa na wengine waliosema kazi ya chama ni kumtetea mwanachama, na kazi ya tajiri ni kuthibitisha kosa. Tajiri mvivu asilaumu chama. Sisi wenye kusoma hotuba hii tunaelekea upande wa pili, kwa sharti moja. Polisi si mfanya kazi kama fundi wa boila. Amepewa bunduki na ruhusa ya kumfunga mtu. Akirudishwa kazini kwa sababu karatasi za tajiri zilikuwa mbovu, hatari haimwangukii tajiri, inamwangukia mpita njia. Kwa hiyo kwa kazi ya namna hiyo tajiri hana ruhusa ya kuwa mvivu, na jaji alifanya vema kumchunguza tajiri kabla ya kuigusa haki ya mwamuzi. Mwamuzi tunamtaka. Leo akiondolewa kwa polisi, kesho atatafutiwa sababu ya kuondolewa kwa watu wa reli.

Turudi kwa "George." Zile karatasi za kusimamisha watu, ambazo askari wengi waliziona ni usumbufu, zilifika mikononi mwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Bibi Jennifer Eberhardt. Walizisoma 28,119, za muda wa miezi 13 katika 2013 na 2014. Wakaona kwamba katika kila watu 100 waliosimamishwa, 60 walikuwa weusi, hali katika kila wakazi 100 wa mji weusi walikuwa 28 tu. Tena mtu mweusi alifungwa pingu mara nyingi zaidi hata pale ambapo mwishowe hakukamatwa kwa kosa lolote.

Kisha wakafanya jambo ambalo hatujapata kulisikia popote. Askari wa Oakland huvaa kamera kifuani, nazo hushika sauti. Wale wataalamu walichukua maneno ya askari katika magari 981 yaliyosimamishwa mwezi mmoja wa 2014, wakayapima neno kwa neno kwa heshima yake. Majibu yakatoka mwaka 2017. Dereva mweupe aliambiwa mara nyingi zaidi "bwana" na "bibi", aliombwa radhi kwa kucheleweshwa, aliambiwa nenda salama. Dereva mweusi aliitwa kwa jina lake tupu au kwa maneno ya vijana wa mtaani, na mara nyingi zaidi aliambiwa weka mikono kwenye usukani. Na ilikuwa hivyo hata askari mwenyewe akiwa mweusi. Miaka themanini tangu mkataba wa Pullman, na hesabu ikaonyesha kwa tarakimu yale ambayo wazee wa mabehewa ya kulala waliyajua bila hesabu.

Lakini sikieni lililofuata. Walikaa na polisi wakaongeza swali moja tu katika karatasi. Kabla ya kumsimamisha mtu, askari ajibu: je, ninayo habari ya hakika inayomhusisha mtu huyu na kosa fulani, ndiyo au siyo? Hapana fimbo, hapana faini, ni swali tu la kumfanya mtu afikiri kwanza. Mwaka 2018 idadi ya watu weusi waliosimamishwa ilipungua kwa asilimia 43, na Bibi Eberhardt anasema uhalifu mjini haukuongezeka kwa sababu hiyo. Sisi wa reli tunafahamu nguvu ya swali la namna hiyo. Dereva hukabidhiwa tokeni mkononi kabla ya kuingia kipande cha njia. Tokeni haiendeshi gari, lakini asiyekuwa nayo haendi.

Kama ingekuwa hadithi ya kubuni, tungeishia hapo kwa furaha. Lakini mwaka 2016 ilifichuka aibu kubwa kuliko zote. Askari kadhaa wa Oakland na wa miji jirani walikuwa wamemtumia vibaya binti mmoja, tena kwa wengine alipokuwa bado hajatimiza miaka 18. Wakubwa wa polisi walikuwa na habari, na uchunguzi ulikwenda kwa kulegalega mpaka korti ilipoingilia na kumwamuru mkaguzi asimamie. Mwezi wa Juni mkuu wa polisi alijiuzulu, na kwa muda wa siku tisa hivi mji ukabadili wakuu watatu. Kama asingekuwako mkaguzi wa korti, twafikiri jalada lile lingefungwa kimya kimya.

Novemba mwaka ule ule raia wa Oakland walipiga kura kwa wingi mkubwa, wakaunda halmashauri ya raia ya kuwasimamia polisi, yenye uwezo wa kugusa kanuni na adhabu, na ikikubaliana na Meya yaweza kumfukuza mkuu wa polisi bila kutaja sababu. Mwaka 2020 walifanya hivyo. Hii ilikuwa hatua nzuri, maana korti haiwezi kulea polisi milele. Siku moja jaji atafunga jalada, na lazima pawe na mwenyeji wa kuendelea. Kwetu Kenya tulianzia upande huo mwingine: mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka ya raia ya kuwachunguza polisi, ile tuiitayo IPOA. Namna gani inafanya kazi, hiyo ni hotuba ya siku nyingine.

Jaji Henderson alistaafu mwaka 2017, na kesi ikamwendea Jaji William Orrick. Mwaka 2022 Jaji Orrick alisema polisi wamekaribia kumaliza, akawapa mwaka mmoja wa majaribio kuanzia Juni. Watu walianza kutayarisha sherehe. Kumbe sajini mmoja alikuwa ameigonga gari iliyosimama akaenda zake bila kusema, na baadaye akafyatua bastola ndani ya lifti ya jumba la polisi, akaficha ganda la risasi. Wachunguzi wa nje walisema wakubwa walilichukua jambo hilo kwa wepesi. Februari 2023 Meya alimfukuza mkuu wa polisi, ambaye mwenyewe alikana kosa, na majaribio yakaongezwa muda. Vifungu vilivyogomba mpaka mwisho vilikuwa ni vile vile: jinsi ya kupokea na kuchunguza malalamiko, na usawa wa adhabu. Mwaka 2025, miaka 22 tangu sahihi ya kwanza, kesi ilikuwa bado mbele ya jaji.

Mtu atauliza, basi kuna faida gani? Miaka 22, na fedha nyingi za mji zimewaendea wakaguzi na mawakili. Askari wanalalamika kwamba kalamu imekuwa nzito kuliko rungu. Twajibu kwa yale tuliyoyaona: watu wanasimamishwa ovyo kidogo kuliko zamani, nguvu inaandikwa, na uovu wa wakubwa unafichuka hata wasipotaka. Hayo hayakuwako mwaka 2000. Kama ni ghali au ni rahisi, waulizwe wale 119.

Kuna na jambo moja la mwisho ambalo wengi hawalijui. Miji mingine ya Marekani ilipata mikataba kama hii kwa njia nyingine. Baada ya polisi wa Los Angeles kumpiga Rodney King mwaka 1991, Bunge lao lilipitisha sheria ya mwaka 1994 inayoipa Wizara ya Sheria uwezo wa kuushtaki mji ambao polisi wake wamezoea kuvunja haki. Pittsburgh ulikuwa mji wa kwanza, 1997. Los Angeles wenyewe uliingia 2001 ukatoka 2013. Njia hiyo ina nguvu ya serikali nyuma yake, lakini ina udhaifu huo huo: serikali ikibadilika, mshtaki hubadilika. Mwezi wa Mei 2025 Wizara iliacha kesi zake za Minneapolis na Louisville kabla mikataba haijaanza kazi. Kesi ya Oakland haikuweza kuachwa namna hiyo, kwa sababu haikuwa mali ya Wizara. Ilikuwa mali ya raia 119 na mawakili wao, nao ndio waliokuwa na ruhusa ya kurudi kwa jaji kila mkataba ulipovunjwa.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyopewa kusema. Tumeleta karatasi yenye vile vifungu vikubwa vya mkataba kwa Kiswahili, nakala ishirini tu, maana stensili ilipasuka. Wa idara moja wagawane. Wenye maswali juu ya mwamuzi na chama cha polisi, tunajua wapo, na waanze.